Majini wa Kijuju: gemu la kutisha lililosema Kiswahili



Hapa tumezoea kuzungumza hina, udi, mahari, subira na mambo ya ndani ya nyumba. Leo tunazungumza gemu. Msicheke kwanza. Gemu lenyewe ni la zamani kidogo, ni la kutisha, na wengi wetu hatujawahi kulishika. Lakini limebeba neno letu, tena neno ambalo kila mwali husikia likinong'onwa karibu na harusi yake: majini. Ndiyo maana tumeona tulirudie, baada ya miaka yote hii, tuangalie lilifanya nini na lugha yetu na lina funzo gani kwetu.

Mwezi wa Machi 2009, kampuni ya Kijapani iitwayo Capcom ilitoa gemu linaloitwa Resident Evil 5. Askari mmoja wa Kimarekani, Chris Redfield, anafika katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, mahali fulani Afrika. Watu wa mji huo wameambukizwa kimelea kinachowatawala akili. Wanamvamia kwa mapanga, mashoka na chupa, naye anawapiga risasi. Waliombukizwa wanaitwa Majini, na wanapomkimbilia wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Mamilioni ya nakala zimeuzwa duniani kote. Kwa hiyo wapo vijana wengi sana Japani, Marekani na Ulaya ambao neno la kwanza la Kiswahili walilojifunza maishani mwao si "jambo" wala "safari". Ni "majini", na maana waliyopewa ni kiumbe unayempiga risasi kabla hajakufikia.

Lilikotoka

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1996, kampuni hiyohiyo ilitoa Resident Evil ya kwanza kwa mashine ya PlayStation. Kwao Japani wanaliita Biohazard. Aliyeongoza kazi hiyo ni Shinji Mikami. Hadithi yake ilikuwa ndani ya jumba kubwa msituni, lenye milango mingi, na kampuni ya dawa iitwayo Umbrella iliyofanya majaribio ya siri hadi watu wakageuka maiti zinazotembea. Mchezaji alichagua kuwa Chris au mwenzake wa kike, Jill Valentine.

Kilicholifanya litishe si damu. Ni uhaba. Risasi zilikuwa chache, kwa hiyo ilikubidi ufikirie kama upigane au ukimbie. Ukijeruhiwa, unatafuta majani ya kijani, na ukiyachanganya na mekundu dawa inakuwa na nguvu zaidi. Bibi zetu wangelielewa hilo bila kusomeshwa. Hata kuhifadhi ulipofikia ulihitaji utepe wa taipureta, na tepe zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Aina hii ya magemu ikapata jina lake duniani: magemu ya kutisha ya kunusurika. Huchezi ili ushinde kwa kishindo. Unacheza ili ufike asubuhi.

Mwaka 1998 likaja la pili, na mwaka 2005 la nne, ambalo lilihamia kijiji cha Hispania. Wanakijiji wake walioambukizwa walisema Kihispania, na wanaokijua walisikia mara moja kwamba kilikuwa na lafudhi ya Meksiko, si ya Hispania. Miaka minne baadaye ikawa zamu yetu.

Magomeni na mtoto anayeelewa

Sasa tuje nyumbani. Anayeijua Magomeni anajua kwamba si mbali na Kariakoo. Ni kulivuka bonde la Jangwani tu kwa Barabara ya Morogoro. Kwa miaka mingi mashine za magemu zimeuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, mpya na zilizotumika, na kutoka hapo zimeingia mitaani. Si kila nyumba ilimudu PlayStation. Lakini kibanda kimoja chenye televisheni mbili na pedi nne kinaweza kuhudumia watoto wa mtaa mzima, kila mmoja akilipa kidogo kwa mechi au kwa dakika. Mpira ndio huchezwa zaidi. Ila mchana ukiwa mrefu na wateja wachache, magemu ya kutisha nayo huwekwa, na wadogo husimama mlangoni wakichungulia.

Hebu mfikirieni mtoto huyo wa Magomeni akiwa na pedi mkononi mbele ya Resident Evil 5. Mchezaji wa Tokyo au London anasikia kelele tu. Waliolitengeneza walitaka iwe hivyo: lugha usiyoielewa inaongeza hofu, maana hujui wanapanga nini. Mtoto wa Magomeni yeye anaelewa. Kelele ile kwake ni lugha ya mama yake, ya muuza chapati, ya ustadhi wake madrasa. Anayepiga kelele kwenye skrini anafanana na mjomba wake, na gemu linamwambia: piga.

Magomeni hiyohiyo ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa harakati za TANU, ambayo leo ni makumbusho. Lugha iliyotumika kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja kudai uhuru ni hii hii. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na inakadiria wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Gemu la 2009 liliwafikia vijana wengi kabla ya siku hiyo, na liliwatambulisha wasemaji hao kwa namna yake.

Kamusi iliyofunguliwa kwa haraka

Ukiyatazama maneno ya Kiswahili ndani ya gemu hili unaona kwamba mtu alifungua kamusi kwa haraka. Kuna kimelea chenye mabawa kinachoitwa Kipepeo, hilo walipatia. Kuna mdudu anayeruka na kumganda mtu usoni, anaitwa Bui Kichwa. Walichukua "buibui", wakakata nusu. Kuna dubwana kubwa lenye mabawa ya popo, linaitwa Popokarimu. Popo tunamjua. Karimu tunamjua pia: ni mtu mwenye mkono wazi, na Al-Karim ni katika majina matukufu ya Mola wetu. Kwa hiyo dubwana linalotaka kumuua Chris linaitwa, kwa Kiswahili fasaha, popo mkarimu. Tucheke kidogo, ruhusa.

Halafu kuna jiografia. Msichana anayefuatana na Chris, Sheva Alomar, anatajwa kuwa ni wa tawi la Afrika Magharibi la kikosi chao. Watu wa Kijuju nao wanasema Kiswahili. Kiswahili cha mjini Afrika Magharibi! Ni sawa na kutengeneza gemu la Ureno ambamo watu wote wanasema Kigiriki, kwa sababu kote huko ni Ulaya. Inaonyesha kwamba waliotunga hawakuwa wanazungumzia mahali. Walikuwa wanazungumzia "Afrika", neno moja la kutosha kila kitu.

Hapa dada zetu tunataka mtazame jambo moja linalotuhusu sana. Sheva ni mwanamke wa Kiafrika, jasiri, anapigana bega kwa bega na Chris mwanzo hadi mwisho. Ni jambo zuri. Lakini gemu hili lina nguo za ziada ambazo mchezaji huzifungua kama zawadi, na mojawapo ya zawadi za Sheva inaitwa vazi la kikabila: vipande viwili vidogo vya ngozi ya chui, na mwili umepakwa rangi. Mwanamke wa Kiafrika anapozawadiwa, anavuliwa.

Sasa rudini kwenye lile neno walilolikata nusu. Buibui si mdudu tu. Ni vazi letu, na lina historia. Zamani hapa Unguja, mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujistiri kama mwanamke mungwana; kufunika kichwa ilikuwa alama ya daraja. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa na watoto wao walianza kuvaa walichokatazwa. Walivaa kanga, wakajifunika, na mwanzoni mwa karne ya 20 buibui jeusi likaenea kwa wanawake wa kila daraja. Tajiri na maskini wakapita njia moja, na hukuweza kusema kwa haraka nani bibi yake alikuwa bibi na nani bibi yake alikuwa mtumwa. Mabibi zetu walivaa buibui kwa ajili ya Mola wao, na pia kwa ajili ya heshima waliyonyimwa. Gemu lilipochukua nusu ya neno hilo na kulipa jina dubwana, na likamzawadia Sheva ngozi ya chui, halikujua hata kidogo limegusa nini. Hatusemi lilikusudia. Tunasema halikuuliza.

Malalamiko yalitokea mapema. Mwaka 2007 Capcom ilipoonyesha picha za mwanzo, watu wengi, hasa Marekani, walisema picha ya mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi inarudisha kumbukumbu mbaya. Watengenezaji walijibu kwamba hawakuwa na nia ya ubaguzi. Mjadala ukapoa, gemu likauzwa. Mwaka 2016 likatolewa tena kwa mashine mpya. Capcom imeyatengeneza upya la pili mwaka 2019, la tatu mwaka 2020 na la nne mwaka 2023, na mashabiki wamekuwa wakiuliza kuhusu la tano.

Jini ni nani?

Kosa kubwa la gemu hili kwetu sisi si la jiografia wala mavazi. Ni la neno lenyewe.

Katika dini yetu, majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Wameumbwa kwa moto, sisi kwa udongo. Qurani imetufahamisha kwamba wao na sisi tumeumbwa ili tumuabudu Yeye, na ipo sura nzima, ya 72, yenye jina lao, inayoeleza kundi la majini waliosikia Qurani ikisomwa wakaiamini. Wapo wema na wapo waovu. Wana hesabu yao Siku ya Kiyama kama sisi. Hatuwaoni, na tumefundishwa tujikinge na shari yao kwa kumtaja Mola wao na wetu.

Majini wa Kijuju si majini hata kidogo. Ni binadamu. Hadithi ya gemu lenyewe inasema wazi: walikuwa raia wa kawaida, wakaingizwa kimelea na kampuni ya kigeni iliyokuja kufanya majaribio kwenye miili yao. Ni wagonjwa. Ni waliodhulumiwa. Lakini wakishapewa jina la majini, mchezaji haombwi awahurumie. Haulizwi kama kuna dawa. Anaombwa alenge kichwa.

Hilo ndilo tunalotaka tulishike, dada zetu: mtu akishaitwa jini, watu huacha kumuuliza anaumwa wapi.

Na tusiwatupie Wajapani lawama peke yao. Sisi tulikuwa na hadithi hii kabla yao. Nani katika sisi hakutishwa utotoni na mumiani? Mumiani ni mtu anayekamata watu usiku, awatoe damu, damu ikatengenezwe dawa ya wakubwa na wageni. Hofu hiyo ilienea pwani yote na bara wakati wa ukoloni. Kwingine waliwaita wazimamoto, kwa sababu watu waliamini gari la zimamoto ndilo linalobeba damu. Mtafiti Luise White aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hizo mwaka 2000, na alionyesha kwamba watu walikuwa wanaeleza kwa njia yao dhuluma waliyoiona kweli: wageni wenye mamlaka juu ya miili yao na jasho lao. Ukiiweka hadithi ya mumiani kando ya hadithi ya Kijuju, ni ndugu. Kampuni ya kigeni, damu ya watu wetu, dawa. Tofauti ni kwamba katika ya mumiani sisi ndio tunaokimbia, na msikilizaji yuko upande wetu.

Mwaka 1995

Wenye umri wa kutosha hapa visiwani hawakusahau mwaka 1995. Mwanzoni mwa mwaka huo hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar es Salaam. Ilisemwa ni kiumbe kinachoingia nyumbani usiku na kuwadhuru watu vitandani mwao, wake kwa waume. Familia zililala nje, zimekusanyika, moto unawaka, mtu mmoja akikesha kwa zamu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, watu walikuwa na wasiwasi mwingi wa mchana, na wasiwasi wa usiku ukaungana nao.

Katika hofu hiyo, hapa Unguja, kijana mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili, aliyekuja kutoka bara kutafuta matibabu, alishukiwa kuwa ndiye popobawa. Watu wakampiga hadi akafa. Alikuja kutafuta dawa, akakutana na jina.

Haikuishia hapo. Mwaka uleule wa 2009 ambao Majini wa Kijuju waliingia sokoni, Tanzania ilikuwa inawazika watu wenye ualbino waliouawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya waganga waliowaambia wateja kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Jina la zamani waliloitwa watu hao liliwafanya waonekane kama mizimu, si kama watoto wa watu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwezi wa Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa kienyeji. Leo tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya kuongeza uelewa juu ya ualbino. Na tusiwasahau akina mama wazee wa mikoa ile waliouawa kwa kuitwa wachawi, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka yote.

Mnaona njia ni moja. Kwanza jina. Kisha hofu. Kisha mkono.

Bibi harusi na jini mahaba

Sasa tufike pale tulipokuwa tunaelekea tangu mwanzo.

Kwenye mitaa yetu, iwe Magomeni, iwe Ng'ambo, msichana akichelewa kuolewa utasikia: ana jini mahaba. Posa ikivunjika: jini mahaba amekataa. Mwali akilia usiku wa kuamkia harusi, akipata kichefuchefu, akiota ndoto mbaya: huyo ana mtu wake. Na baada ya harusi, ikiwa mwili wake unakakamaa na tendo la ndoa linamuumiza au haliwezekani kabisa, mashangazi hukaa kikao na jibu huwa tayari kabla hajaulizwa chochote.

Sisi hatukanushi kuwepo kwa majini. Ni katika imani yetu. Wala hatukanushi kwamba wanaweza kumuudhi mwanadamu. Tunachosema ni kwamba jina hilo linatolewa kwa wepesi mno, na linamfanya mwanamke kile gemu linachowafanya watu wa Kijuju. Linamtoa katika kuulizwa. Hakuna anayemuuliza kama anamtaka mchumba huyo. Hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuguswa na mtu mbaya utotoni, akabeba siri hiyo peke yake. Hakuna anayempeleka kwa daktari wa wanawake, ingawa kukakamaa kwa misuli ya mwili kwa hofu ni hali inayojulikana na inayotibika. Hakuna anayemwambia kwamba kulia usiku wa kuamkia harusi ni jambo la kila binti anayemwacha mama yake.

Badala yake anapelekwa kwa mtu anayejiita fundi. Fundi anadai kuku wa rangi fulani, kisha pesa, kisha pesa tena, kisha anadai kubaki chumbani na mwali peke yao. Dada zetu, hapo hakuna ruqya. Kisomo cha sheria hakihitaji faragha ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu, hakihitaji kumshika, hakihitaji jina la mama yake wala nguo yake ya ndani. Ni Fatiha, Ayatul Kursi, Ikhlas, Falaq na Nas, na dua alizotufundisha Mtume, rehma na amani zimshukie. Unaweza kujisomea mwenyewe, kitandani mwako, bila senti tano.

Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, ametukataza kuitana kwa majina mabaya, na akatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Fikirini hilo mnapotaka kumwambia mama mkwe mtarajiwa kwamba binti fulani "ana mambo yake". Sentensi hiyo fupi inaweza kuvunja posa, na binti akaishi nayo miaka kumi.

Tufanye nini

Kwa mama na dada wenye vijana nyumbani: magemu ya Resident Evil yameandikwa umri juu ya kasha. La tano ni la miaka 18 kwa Ulaya na 17 kwa Marekani. Mtoto wa miaka tisa hana kazi nalo, awe nyumbani au kwenye kibanda. Pita kibandani siku moja, msalimie kijana anayekiendesha kwa adabu, muulize nini kinachezwa na saa ngapi. Wengi wao ni watoto wa watu wenye haya. Ukiwaendea kwa heshima watakusikiliza kuliko ukiwaendea kwa fimbo.

Kama kijana wako mkubwa ameshalicheza, usimfokee. Kaa naye. Muulize: wale unaowapiga risasi walikuwa nani kabla hawajaambukizwa? Nani aliwaambukiza? Kwa nini wanasema lugha yetu? Utashangaa mazungumzo yatakavyokwenda mbali. Mwambie tofauti ya jini wa Qurani na Majini wa Kijuju. Mwambie kuhusu yule kijana wa 1995, apate kujua kwamba mchezo wa kumwita mtu dubwana uliwahi kuchezwa hapa kwetu, na aliyekufa hakurudi.

Kwa mwali wetu: hofu uliyonayo ina majina mengi ya halali kabla ya kufikia jini. Inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa kutojua, inaweza kuwa moyo wako unakwambia jambo kuhusu mtu huyo. Soma adhkari zako asubuhi na jioni. Muulize somo wako maswali yote, hata yale unayoyaonea haya. Kazi yake ndiyo hiyo. Ukiumwa, nenda hospitali. Ukiwa humtaki mchumba, sema, kwa maana nikahi bila ridhaa yako haikupendezi wewe wala dini yako. Na mtu akikwambia una jini, una haki ya kumuuliza kwa upole: umejuaje?

Kwa somo na mashangazi: ninyi ndio mlango. Neno mnalolitoa kwenye kikao cha harusi linabebwa hadi kaburini. Mkimwona mwali anatetemeka, mshikeni mkono kwanza, mkampe maji, mkamuulize. Jina lisubiri.

Magemu ya kutisha ya kunusurika yalitufundisha jambo moja la kweli: katika hofu, vitu ulivyonavyo ni vichache, na namna unavyovitumia ndiyo inayoamua kama utafika asubuhi. Sisi tunavyo vichache vyetu: dua, elimu, daktari, na mtu mmoja anayesikiliza bila kuhukumu. Tusivipoteze kwa kupigana na wagonjwa wetu wenyewe.

Allah atukinge na shari za majini na watu, awape waali wetu ndoa zenye utulivu na huruma, amrehemu kila aliyeuawa kwa jina asilostahili, na atufanye wepesi wa kuuliza na wazito wa kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.